Gozi Mbili Baada ya Salamu

Ninyi mliobaki pale mapokezi mmenisumbua kwenye simu niandike, na kwa kuwa mnajua sina tena kisingizio cha zamu, haya, naandika. Anayetaka habari za vyeo na madaraja ya mshahara akamuulize mhasibu, yeye anazikumbuka vizuri kuliko mimi. Mimi nitawaeleza jinsi nilivyokuwa mwanafunzi katika umri ambao wenzangu walikuwa wananunua mbuzi wa kustaafia, na jinsi neno moja la herufi tatu nusura lininyime shahada, kisha likanipa.

Lakini naanzia Korogwe, maana bila Korogwe hamtaelewa gozi zinaingiaje.

Nilishuka kutoka kwetu Vugiri, juu milimani, kwenda kuanza kazi nikiwa nimevaa sweta. Kwetu asubuhi ni ukungu mpaka kwenye migomba, na mama alikataa nitoke bila sweta mbele ya majirani. Nilipofika Korogwe mjini jasho lilikuwa linanitiririka, nami sikuthubutu kuivua kwa sababu blauzi niliyovaa ndani ilikuwa na kiraka mgongoni. Muuguzi mkuu wa wodi, Sista Hadija, alikuwa mwanamke mwembamba, mkali, miwani yake imefungwa uzi upande mmoja. Alinitazama akasema, "Wewe wa sweta, njoo huku." Nilifanya naye kazi miaka, na sijui kama aliwahi kujifunza kuwa naitwa Mwanaidi.

Alinifundisha kutandika kitanda pembe zikakaa kama bahasha. Alinifundisha kuchemsha sindano za kioo bila kuzipasua, kazi ambayo ninyi mnaofungua sindano kwenye karatasi na kuitupa hamwezi kuielewa. Zaidi ya yote alinifundisha kukunja gozi. Simaanishi gozi la mpira, nasema vile vitambaa vyepesi vya kufungia vidonda. Siku hizo vilikuja katika bunda kubwa, tunakata wenyewe, tunakunja kingo kwa ndani ili uzi usibaki kwenye kidonda. Sista Hadija hakukaa mbele ya mgonjwa mikono mitupu. Anamsalimu, mgonjwa anaitikia, kisha anachukua gozi anakunja, macho chini, kimya. Mimi nilidhani anapenda tu kumaliza kazi za watu. Nikimwangalia mgonjwa anayefuata mlangoni, ananigonga kiwiko. "Macho yako yakienda mlangoni, mgonjwa atayafuata, atatoka."

Niliipenda ile kauli nikaitumia miaka yote. Maana yake yote nilikuja kuijua baada ya kusoma sana, na hiyo ndiyo hadithi yenyewe.

Kutoka Korogwe nilihamishiwa Handeni, nikapanga Chanika ya huko huko, na Chanika nikabaki mpaka nikajenga. Wazigua walinipokea kwa utani kama kawaida yao, wakaniuliza kama Mshambaa anaweza kutembea kwenye ardhi isiyo na mteremko bila kuanguka. Kizigua nilijifunza kwa kinamama waliokuja kliniki, na Kimasai maneno machache tu, mengi yake ya kumwambia mama asukume. Kuna mtoto wa wafugaji nilimpokea ndani ya gari la wagonjwa lililokwama kwenye mchanga wa korongo, dereva akiwa anachimba magurudumu, mimi nachuchumaa nyuma, bibi wa mtoto ananiombea kwa sauti iliyozidi ya mama mzazi. Baba yake alitaka kumwita jina la gari. Tulibishana, akakubali jina la dereva. Sasa ni kijana mrefu, na kila akinikuta sokoni ananiita Mama Korongo.

Nilipofika katika ile miaka ya mwisho nilikuwa nimewekwa kusimamia wagonjwa wa nje katika kituo chetu. Kama hujawahi kusimamia wagonjwa wa nje siku ya mnada, usiniambie unaijua foleni. Nimepigana na foleni kwa mbao, kwa kamba, kwa namba za karatasi, hata kwa kuimba. Kisha nikaalikwa kwenye semina Korogwe. Nilikwenda kwa ajili ya kupumzika, kuwa mkweli. Akasimama mwezeshaji kijana na picha zake ukutani, akaanza kusema kuhusu mtiririko wa wagonjwa: kwamba foleni ina sheria zake, kwamba watu wameiandikia vitabu, kwamba inahesabika kabla haijatokea. Nilihisi nywele zinanisimama. Adui yangu wa maisha ana vitabu, na mimi sikuambiwa! Wakati wa chai sikunywa chai. Nilimfuata yule kijana mpaka nje nikamuuliza hayo yanafundishwa wapi. Akasema yapo katika shahada ya uzamili ya utawala wa huduma za afya. Shahada ya kwanza ya uuguzi nilikuwa nayo, niliipata kwa kujikongoja. Nilirudi Handeni naongea peke yangu kwenye basi.

Mume wangu, mwalimu mstaafu wa hesabu, aliniuliza swali moja tu: "Kuna hesabu?" Nikasema zipo. Akasema basi nijiandikishe.

Bwana wa utumishi alikuwa mgumu kidogo. "Mama, unakaribia kustaafu. Ukishapata hiyo shahada utaongoza hospitali gani? Ya wajukuu?" Nikamwambia hata ya kuku nitaiongoza, mradi kuku wasipange foleni ovyo. Alicheka, akasaini, lakini akaweka sharti: kibali cha kufanya utafiti kituoni ni cha mtumishi. Siku nitakayorudisha kitambulisho, kibali kinakufa. Chuo nacho kikanipa lake, kwamba muda hauongezwi na anayebadilisha mada anaanza upya. Kwa hiyo nilijua tangu mwanzo. Ama nimalize kabla ya kustaafu, ama nisimalize kabisa.

Sijui niwaelezeje furaha ya siku ya kwanza darasani. Darasa lilikuwa la mtandaoni, isipokuwa wiki chache za kwenda chuoni wenyewe. Nilivaa kitenge kipya na hereni, nikaweka kompyuta juu ya meza ya kulia, nikafungua. Nikajiona usoni, mkubwa kama ukuta, na nyuma yangu jogoo amepanda kwenye stuli. Wenzangu walikuwa vijana wenye umri wa watoto wangu. Wakaniamkia mmoja mmoja, "Shikamoo, shikamoo, shikamoo," mwalimu akasubiri mpaka ziishe, na dakika za somo zikaondoka hivyo hivyo. Wiki ya pili wakachagua mwakilishi wa kuniamkia kwa niaba ya darasa.

Nilisoma kama mtu aliyefunguliwa mlango wa ghala. Uchumi wa afya, sera, uongozi wa watumishi, takwimu. Mume wangu alivuta kiti upande ambao kamera haimwoni, akawa anasoma bure. Tatizo lake hakuweza kunyamaza. Mwalimu wa takwimu akiuliza swali, sauti ya kiume inajibu kutoka kwangu. Mwalimu akauliza, "Mama Mwanaidi, una mafua?" Kompyuta ilipokataa kufunguka nililia machozi, na kazi yangu ya kwanza iliporudi na alama nzuri nilikwenda kumwonyesha muuza maji.

Nadharia ya foleni ndiyo iliyonimaliza kabisa. Nikawa siwezi tena kwenda mashineni kusaga bila kutazama nani ametangulia nani. Mjini kuna duka la Bwana Hasham, babu yake alikuja kutoka Bara Hindi na yeye kazaliwa hapa hapa Handeni, Kizigua chake ni kizuri kuliko changu. Duka lake limejaa kila siku na hakuna msongamano, ingawa kila mteja anasalimiwa mpaka mifugo. Nilimuuliza siri yake kama mtafiti. "Sista," akasema, "nikimharakisha, ananunua sukari anaondoka. Anarudi kwa chumvi. Anarudi tena kwa kiberiti. Huyo mmoja amekuwa foleni." Niliona ni neno la dukani, nikalicheka.

Msimamizi wangu wa utafiti alikuwa Dokta Mapunda, mtu wa Songea, kijana mpole ajabu katika salamu na katili katika masahihisho. Ujumbe wake ulianza hivi kila mara: "Shikamoo mama. Sura ya pili irudiwe yote." Mada tuliyokubaliana ilikuwa kupunguza muda wa mgonjwa kwenye dirisha la mapokezi. Vitabu vilisema dirisha ndipo mtiririko unapokwama, fupisha pale, foleni itakwisha. Na kituo chetu kilikuwa kimeletewa mfumo mpya wa kompyuta uliokuwa umeanza kazi hiyo hiyo. Mgonjwa anafika, mpokeaji anauliza hali, anabonyeza kisanduku: nzuri, wastani, mbaya. Mbaya anapita mbele. Nzuri anakaa benchi.

Nadhani mmeshaanza kucheka.

Mpokeaji alikuwa Neema, muuguzi kijana, mwepesi na mwenye adabu. Mimi nilikaa kwenye benchi la wagonjwa, nimevaa nguo za nyumbani, kazi yangu kutazama tu. Kitabu cha mbinu za utafiti kilisisitiza kwamba mtazamaji haingilii. Asubuhi yote nikawa nasikia:

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu."

"Hali yako?"

"Nzuri, tunamshukuru Mungu."

Tiki. Nzuri. Anayefuata! Kwa mujibu wa ule mfumo, watu wa Handeni wote walikuwa wazima wa afya na walikuja kituoni kututembelea.

Akaja mzee mmoja wa Kwaluguru, ameshushwa na bodaboda, kikoi mpaka chini, anatembea polepole. Namwita Mzee Sekiboko, na atanisamehe. Neema akamwamkia, akamuuliza hali, mzee akasema nzuri, akaulizia na hali ya Neema na ya nyumbani kwao. Neema akamjibu kwa heshima huku kidole kimeshabonyeza. Mzee akaja kukaa pembeni yangu.

"Shikamoo mzee," nikasema.

"Marahaba. Hujambo?"

"Sijambo. Habari za Kwaluguru?"

"Nzuri. Mvua imetunyima kidogo, lakini nzuri."

Ningekuwa kazini ningeshaondoka. Lakini nilikuwa mtafiti, sina pa kwenda, mikono mapajani. Nikanyamaza. Mzee akakohoa. Akatazama dirisha, akatazama miguu yake.

"Mahindi yanaendelea," akasema. "Ila magugu."

"Pole na magugu."

Nikaendelea kunyamaza, maana sikuwa na la kusema kuhusu magugu.

"Ila nyoka kaniuma," akasema.

Jamani! Nilimfunua kikoi pale pale benchini. Mguu ulikuwa umevimba mpaka gotini, umefungwa kipande cha kaniki, ngozi imenyooka inang'aa. Kifutu, akasema, alikuwa amelala kwenye magugu. Mtazamaji asiyeingilia nikapiga kelele iliyofika maabara. Tulimlaza, tukamwekea maji, daktari akaja mbio, gari la wagonjwa likampeleka hospitali kubwa akapata dawa ya sumu. Alipona, na mguu wake anao. Nilipokuwa namfungulia ile kaniki nilimuuliza, nusu kwa hasira, "Mzee, mbona hukusema dirishani?"

Akaniangalia kama mtu asiyeelewa swali. "Nilikuwa njiani naenda kwenye nyoka, akaita mwingine."

Siku ile sikula. Sijali kuwaambia kwamba nilikuwa na furaha, furaha ya mtu aliyeona kitu. Mzee hakuficha ugonjwa na Neema hakukosa adabu. Wote wawili walifanya kama walivyofunzwa na mama zao. Kwetu habari ni nzuri kwanza, hata kama umebeba maiti. Unasema nzuri, ndipo unasema ila. Anayeanza na msiba mlangoni hakulelewa. Na sisi tulikuwa tumeweka kompyuta inayosikiliza neno la kwanza tu, halafu inaita mwingine.

Na hapo ndipo Sista Hadija, marehemu sasa, aliponirudia na miwani yake ya uzi. Gozi! Hakuwa anamaliza kazi. Alikuwa anampa mgonjwa nafasi ya kufika kwenye ila, na mikono yake iko kwenye kazi ili mgonjwa asione kwamba anasubiriwa. Mtu akikutazama usoni anangoja, unaharakisha unasema "basi ni hayo tu." Akikunja kitambaa, unaendelea.

Nikamwandikia Dokta Mapunda kwa msisimko wa mtoto. Nataka nigeuze mada, nikasema. Tusifupishe dirisha, turefushe kidogo, tupime ila. Jibu lilikuja asubuhi yake. "Shikamoo mama. Ila si kigezo."

Nikampigia. Nikamweleza kuhusu kusubiri mpaka gozi mbili zikunjwe. Nikikumbuka wagonjwa wa Sista Hadija, ya kwanza inaleta ila ya adabu, magugu, jua, safari. Ya pili ndiyo inaleta nyoka.

"Mama, kwa heshima zote. Gozi siyo kipimo cha muda."

"Ni kipimo mwanangu, nitazikunja kwa saa ya mkononi."

"Unajua ukibadilisha mada unaanza upya? Muda huna. Ile ya kwanza ni salama, data unazo, utamaliza kabla ya kustaafu. Hii itakukosesha shahada."

Alisema kweli, na ndiyo maana niliumia. Nilikaa barazani na mume wangu. Nilikuwa na tasnifu rahisi mkononi, ya kusema dirisha liwe fupi zaidi, na nilikuwa najua ni uongo. Ningeipata shahada kwa kuwaambia watu waite mwingine haraka kuliko Neema alivyomwita. Mume wangu hakunishauri, ni mtu wa hesabu. Aliniuliza tu, "Hiyo ya pili ina raha?" Nikamwambia ina raha mpaka silali. Akasema, "Mbona umeshajibu."

Nilimwomba Dokta jambo moja, aje Handeni aone mwenyewe kabla ya kukataa rasmi. Huku nyuma mganga mfawidhi alinikubalia jaribio. Tuliweka beseni la gozi dirishani na kiti kwa mgonjwa. Neema alinuna wiki nzima. "Mama, foleni itafika barabarani. Nikae nakunja vitambaa watu wakiniangalia?" Nikamgonga kiwiko. Siku za mwanzo kweli foleni ilirefuka, na watu wakasema nimezeeka vibaya. Kisha ikaanza kufupika, sisi wenyewe tukashangaa. Waliokuwa wanazidiwa benchini sasa walipita mbele mapema. Waliokuwa wanamaliza kwa daktari, wanashika kitasa cha mlango, ndipo wanasema "halafu daktari, ila..." wanarudishwa kukaa upya, nao wakapungua. Nikamkumbuka Bwana Hasham na kiberiti chake, nikaenda kumwomba radhi kwa kumcheka. Akanisalimia mpaka mifugo kwanza.

Dokta Mapunda akafika, shati limenyooshwa, begi begani. Nilimwambia Neema ampokee kama mtu mwingine yeyote, nami nikakaa benchi langu.

"Karibu Dokta. Habari za safari?"

"Nzuri kabisa."

Neema akachukua gozi. Akakata, akakunja kingo kwa ndani. Macho chini.

Dokta akatabasamu, maana alijua anafanyiwa nini. Akatazama dari. Gozi ikaisha.

"Nzuri, ila njaa," akasema, na benchi zima likacheka, na yeye akacheka.

Neema hakucheka. Alichukua ya pili. Nilimpenda yule binti dakika ile kuliko siku zote. Dokta alishika mkanda wa begi, akauachia, akaushika tena.

"Ila mama yangu amelazwa," akasema, si kwa sauti ile ya chuoni. "Songea. Tangu juzi. Nimekuja huku mwili tu."

Neema akaweka gozi chini. "Pole sana, kaka. Kaa hapa." Akavuta kile kiti.

Tulimpa chai na mihogo, akapiga simu Songea akiwa ofisini kwangu, mlango umefungwa. Aliporudi macho yalikuwa mekundu, akasema kwa Kiswahili cha msimamizi, "Hicho kigezo kiandike vizuri. Nami nitakiombea chuoni kihesabiwe kama mada ile ile iliyorekebishwa." Mama yake alipona, alhamdulillahi. Na wala msidhani alilegea. Sura ya pili ilirudiwa tena yote.

Miezi iliyobaki nilikimbia. Nikakunja, nikapima, nikahoji, nikaandika, na mume wangu akahakiki majedwali yote akisonya. Tasnifu iliandikwa Kiingereza kama inavyotakiwa, na neno ila likakataa kuvuka. Nilijaribu kila neno la kwao, yote yalikuwa membamba, hakuna lililobeba aibu na adabu na matumaini kwa pamoja. Mwisho nililiacha lilivyo, likalala kwenye herufi za mlazo kila ukurasa, na nilifurahi kila nilipoliona, kama kumwona mtu wa kwetu ugenini.

Siku ya utetezi nilikuwa na wiki chache tu za utumishi. Nilisimama mbele ya jopo. Mtahini wa nje, profesa mama mtu mzima wa rika langu, alifunga kabrasha akaniuliza, "Mtahiniwa, kila kazi ina ila. Taja ila ya hii." Chumba kizima kikaangua kicheko, hata yeye, alipogundua alichosema. Nikazitaja, zilikuwa nyingi. Wakanitoa nje. Wakaniita.

"Umefaulu," akasema mwenyekiti. "Ila..."

Akanyamaza kutafuta karatasi. Sijawahi kuzichukia gozi mbili kama nilivyozichukia pale. "Ila kuna marekebisho madogo," akamalizia, nami nikapiga kigelegele mwenyewe, peke yangu, ndani ya ukumbi wa chuo kikuu. Dokta Mapunda akafuatia kupiga makofi. Nilipovaa joho, dada zangu walishuka kutoka Vugiri, na mmoja alikuwa amenibebea sweta, kwa kejeli.

Sasa siku ya mwisho, ambayo mlikuwepo na mmekuwa mkiisimulia vibaya. Nilikuwa nimerudisha kitambulisho na funguo. Hotuba zilikuwa zimekwisha, keki imekatwa. Mimi nilipita mapokezi kuchukua mkoba wangu tu. Neema alikuwa dirishani, siku hizi yeye ndiye msimamizi wa pale, na mgonjwa alikuwa hayupo.

"Shikamoo mama. Habari ya kustaafu?"

"Marahaba. Nzuri," nikasema, "nzuri sana," na nilikuwa nasema kweli. Shahada ninayo, afya ninayo, mume ananingoja nje na mwavuli.

Neema akachukua gozi.

Nikamwambia, "Wewe, usinifanyie mimi, mimi ndiye niliyekufundisha." Akakata. Kingo kwa ndani. Macho chini.

"Nzuri, ila viatu vinanibana," nikasema.

Akaiweka kwenye beseni. Akachukua ya pili. Nilimwona Sista Hadija katika vile vidole, na Sista Hadija hakuwahi kumwona huyu binti. Nilitaka kuondoka, nikaegemea dirisha.

"Ila nataka kuanza upya, Neema," nikasema. "Yote. Tangu Korogwe. Tangu ile sweta."

Neema akaiweka gozi chini, akazunguka, akafungua ule mlango mdogo wa pembeni.

"Usikae benchi, mama," akasema. "Pita mbele."